Mdomo wa Hatua Sita

Utrecht, Uholanzi
5 Januari 2023

Kwa Baba Mdogo Mwaringa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama Mdogo Sidi, na dada Priscilla na wanawe. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno.

Priscilla ameniambia kwamba sikio la kushoto limekufa kabisa na la kulia linasikia ngurumo tu, na kwamba ukiwekewa simu unaitikia "naam" kwa kila neno, hata ukiulizwa umekula nini. Basi turudi kwenye barua, kama nilipokuwa shule ya bweni, na wewe ukinirudishia zangu umezisahihisha kwa wino mwekundu. Sahihisha na hii.

Nimesikia habari za ukame. Misimu mitano bila mvua ya maana, na Mama Mdogo kwa umri wake bado anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kuchota na saa tatu kurudi. Ndiyo sababu naandika. Lile bwawa nililokudokezea, la kuchimbwa bondeni Kwa Garama, limekubaliwa hapa ofisini kwetu. Litakuwa na tuta la udongo, pampu ya jua, na bustani ya kikundi cha akina mama upande wa chini. Mhandisi wa kusimamia anaitwa Njoroge. Ni mtu mpole.

Nimelipigania, Baba. Kulikuwa na vijiji vingi kwenye orodha. Mwambie Mama Mdogo mtungi wake utapumzika.

Mwanao,
Gladys Kadzo


Ganze
18 Machi 2023

Kwa mwanangu Gladys,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Barua yako ilikaa sana posta ya Kilifi, nimeipata tarehe mbili mwezi huu. Makosa ni mawili tu, nimeyaacha kwa heshima ya baridi.

Sisi tu wazima. Mbuzi wamebaki wanne. Priscilla amepata kibarua cha kupika kwenye kambi ya wajenzi, maana tingatinga limefika na kazi imeanza. Watoto hawaendi shule, wanakwenda kutazama tingatinga.

Sasa nikueleze jambo ambalo mama yako mdogo ameniamuru niandike, na amekaa hapa mbele yangu ahakikishe nimeliandika. Wiki jana Njoroge alipiga vigingi pale wanapopaita mdomo, yaani ule upenyo wa mawe ubavuni mwa tuta, ili maji yakizidi yatokee hapo yasilipande tuta lenyewe. Sidi akaupima kwa miguu. Hatua sita. Akamwendea Njoroge. Mimi nilikuwapo nikaona mikono tu, maneno nimeandikiwa na Priscilla.

"Hapa mwanangu unapitisha mbuzi ama maji?"

"Maji, mama."

"Mimi nimezaliwa kwenye bonde hili. Mwaka wa sitini na moja marehemu baba alihama na vitanda kichwani. Mwaka wa tisini na saba nimeona kwa macho yangu, maji yalitoka kwenye ule mkwaju mpaka kwenye kile kichuguu. Hebu twende tupime."

Wakapima. Hatua thelathini na moja. Njoroge akamwambia, "Mama, hata mimi ningependa uwe mpana. Lakini ramani nimeletewa, na imetiwa sahihi huko juu."

Sidi anasema huko juu ni kwako. Anauliza: mbona mdomo ni mwembamba? Nijibu nimsomee.

Baba yako mdogo,
Mwaringa


Utrecht
22 Mei 2023

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu, kazi zilinisonga. Tulikuwa na wageni ofisini, halafu nikapelekwa Bangladeshi wiki mbili kutazama miradi ya huko. Kule watu wanajenga nyumba juu ya nguzo na kufuga bata badala ya kuku, kwa kuwa bata huelea. Nilifikiri ungependa kusikia hilo.

Nimefurahi kusikia mvua za masika zimegusa huko, hata kama ni kidogo. Hapa ni majira ya maua, na watu wanatoka nje kuyatazama kama sisi tunavyotazama tingatinga.

Kuhusu swali la Mama Mdogo, mwambie asiwe na shaka. Hesabu zimepigwa na wataalamu kwa kufuata rekodi za mvua za miaka mingi. Kila kitu kiko sawa. Njoroge anafuata ramani na ndivyo inavyotakiwa.

Msalimie sana. Nimetuma leso mbili kwa mkono wa dada mmoja anayekuja Malindi.

Mwanao,
Gladys


Ganze
15 Agosti 2023

Kwa mwanangu Gladys,

Tumepokea barua, tumepokea na leso. Sidi amevaa moja siku ya ufunguzi wa bwawa na nyingine ameiweka sandukuni.

Jibu lako nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, kama mtoto amesema iko sawa, sitamuuliza tena." Akatoka kwenda kupalilia. Usione vibaya, ndivyo alivyo.

Ufunguzi ulifana. Wageni walikuja na magari sita. Limewekwa bango kubwa barabarani: Bwawa Linalostahimili Mabadiliko ya Tabianchi. Sidi akaniuliza kustahimili ni kufanyaje. Nikamwambia ni kuvumilia. Akasema basi na yeye wangemwandikia bango.

Maji yamefika nusu. Wewe hujaona bustani. Mchicha, bamia, kunde, na nyanya zilizofungwa kwa kamba. Wanawake ishirini na wanne, na mama yako mdogo ndiye mwenyekiti wao. Jioni harudi na mtungi, anarudi na kapu, na mara kwa mara namkuta ameketi mlangoni hafanyi kitu chochote. Katika miaka arobaini ya ndoa sikuwahi kumwona ameketi hivyo. Mimi nimepewa kazi ya kufungua na kufunga mipira ya maji kila asubuhi kule bustanini. Kiziwi anaifaa, kwa kuwa mipira haiongei.

Ahsante, mwanangu. Neno hilo nimelitia wino mzito.

Mwaringa


Utrecht
6 Desemba 2023

Kwa Baba Mdogo Mwaringa,

Pole. Pole sana. Priscilla alinipigia Ijumaa ile tarehe ishirini na nne, saa nane mchana, na nilimsikia akilia kabla hajasema jambo, na jambo lenyewe likaja vipande vipande. Kwamba mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Kwamba tuta limekatika saa nne asubuhi. Kwamba Mama Mdogo ameonekana asubuhi, kisha hakuonekana. Jumapili akanipigia tena kusema amepatikana chini, karibu na daraja.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Mama Mdogo alinilea tangu marehemu baba yangu Kombe alipoondoka.

Sikuweza kuja mazikoni. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa kwa maofisa wa uhamiaji, wanaibadilisha, na haikurudishwa kwa wakati. Naomba unielewe, na uwaombe radhi wajomba, ndugu zake Mama Mdogo, hasa Mzee Garama.

Mungu amlaze mahali pema.

Mwanao,
Gladys


Ganze
10 Januari 2024

Kwa Gladys,

Salamu zako za rambirambi zimefika.

Tulimzika Jumatatu, nyuma ya nyumba, upande wa korosho. Watu walikuja wengi, hata Waislamu wa Mambrui aliokuwa akiwauzia bamia walikuja na gari lao. Mchungaji alisoma, wanawake wa kikundi wakaimba. Garama kaka yake ndiye aliyeshika jembe tangu mwanzo mpaka mwisho.

Waliniuliza, mtoto yuko wapi? Nikawajibu njia ni ndefu.

Watu wa shirika lenu walikuja na karatasi kuniuliza alifikaje bustanini wakati wenzake wote wameshapanda juu. Niliwaambia aliifuata pampu. Wakaandika.

Bustani haiko. Kuna mchanga na mawe. Wanawake wamerudi kwenye mitungi. Bango bado limesimama.

Mwaringa


Utrecht
4 Machi 2024

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naona Priscilla hapokei simu yangu. Sikulaumu wewe wala yeye.

Juzi mezani kwangu imeletwa ripoti ya shirika kuhusu kuvunjika kwa tuta. Nimetakiwa niipitie na kuweka sahihi kabla haijapelekwa kwa wafadhili. Ina kurasa hamsini. Nakutafsiria kifungu kimoja: "Kifo kilichotokea hakikusababishwa na muundo wa bwawa. Marehemu alikuwa mahali salama pamoja na wenzake, kisha kwa hiari yake, na kinyume cha maonyo, alirudi bustanini kuokoa pampu, kama alivyothibitisha mume wake." Halafu inaendelea kusema mvua ile ilikuwa kubwa isiyotarajiwa, na kwamba ramani hiyohiyo itatumika kwenye vijiji vingine vinne.

Nimekisoma kifungu hicho mpaka kimenikaa kichwani. Mama Mdogo ninayemjua mimi asingeikimbilia pampu. Siku nyumba ya jiko ilipoungua, wewe ukitaka kuingia kutoa baiskeli, alikushika shati mpaka likachanika. Kwa hiyo nakuuliza, na hulazimiki kunijibu: ni kweli aliifuata pampu?

Sasa ni zamu yangu.

Andiko la mradi niliandika mimi. Katika sura ya saba nilieleza kuwa rekodi tunazotumia ni za mvua zilizopita, na kwamba bahari inapopata joto mvua za vuli za pwani yetu zitakuja kwa vishindo, kwa hiyo mdomo usipungue hatua kumi na nne na tuta liinuliwe. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, kuhakikisha mradi wa leo haujengwi kwa ajili ya hali ya hewa ya jana. Mwezi Oktoba, mwaka ule kabla ya ujenzi, mkuu wangu aliniita. Akasema mradi umezidi kiwango cha fedha, wafadhili wanafunga orodha Ijumaa, kijiji chenu kitatoka kiingie kingine. Akaniuliza nini kinaweza kupunguzwa.

Nilipunguza mdomo. Hakuna aliyenishika mkono. Niliandika sita mahali pa kumi na nne, sura ya saba nikaipeleka nyuma kabisa kama kiambatisho, nikatia sahihi. Maneno "mabadiliko ya tabianchi" yamo kwenye andiko lile mara arobaini na moja, nimeyahesabu, na hayakuupanua ule upenyo hata kwa unyayo mmoja.

Nilijiambia ninawaletea maji, kwamba mwaka mwingine wa ukame ungewamaliza. Hilo ni kweli. Lakini kuna na la aibu: nilitaka pale ofisini nionekane mtu asiyeleta tabu.

Kisha ikaja barua yako ya Machi, na hatua thelathini na moja za Mama Mdogo. Tuta lilikuwa halijainuliwa. Ningeweza kumwambia Njoroge asimame. Nilikaa na barua ile miezi miwili, halafu nikawaandikia kuhusu bata.

Na pasi yangu haikuwa uhamiaji. Ilikuwa kwenye droo. Niliogopa kusimama mbele ya kaburi.

Gladys


Ganze
2 Aprili 2024

Kwa Gladys,

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikakaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza nilitaka kuichoma. Siku ya pili nilitaka kukujibu maneno ambayo mzazi hapaswi kumwandikia mtoto. Siku ya tatu niliona kwamba wewe umesema na mimi bado nimeficha.

Sidi hakuifuata pampu. Alinifuata mimi.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imepungua, nikashuka bustanini kukusanya mipira isichukuliwe na matope. Wanawake walikuwa pale juu penye mawe, wanatazama maji yakipanda tuta. Mdomo ulikuwa umeshajaa, maji yametafuta njia yake yenyewe. Wakaanza kuniita. Ishirini na wanne wanapiga kelele, na mimi nimeinama, nimewapa mgongo. Nilisikia ardhi ikitetema kwenye nyayo nikadhani ni radi.

Sidi akashuka mbio. Wenzake walimshika akawaponyoka. Alinipiga bapa mgongoni, nikageuka, nikaona mdomo wake unakwenda. Nikamuuliza, "Unasemaje?" Akaonyesha juu kwa mkono. Nikamuuliza tena, "Unasemaje?" Mara mbili, Gladys. Maji yalikuja wakati namuuliza mara ya pili. Mimi yalinibamiza kwenye ule mkwaju nikaukumbatia. Yeye sikumwona tena. Nilikuwa nimeshika ncha ya leso yake, ikanibakia mkononi.

Nilipoulizwa nikasema pampu. Anayefia mali ya kikundi huliliwa na kijiji kizima. Anayefia mume kiziwi aliyeambiwa na mkewe, "Leo usishuke," na akashuka, watu watamtazama huyo mume namna gani? Wanawake waliokuwapo walijua, wakaninyamazia kwa huruma. Kumbe uongo wangu umekwenda Ulaya ukawa kinga ya waliojenga.

Basi nilichukua fimbo nikaenda kwa Garama. Nilimweleza yangu kwa kinywa changu, kisha nikamwomba mwanawe amsomee barua yako yote. Ndiyo, imesomwa mbele yao, sikukuomba ruhusa. Garama alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwanawe alipomaliza, Garama alichukua kijiti akaniandikia chini, kwenye mchanga, kwa herufi kubwa, apate kuwa na hakika nimeelewa:

WEWE HUKUSIKIA. YEYE ALISIKIA.

Yeye ni wewe. Nikamwomba ayafute. Akakataa.

Hiyo sahihi wanayoitaka kwenye ripoti usiitie. Mahali pa uongo wangu andika ukweli wangu, na jina langu kamili, Mwaringa wa Ganze, mwalimu mstaafu. Halafu uje. Garama anataka kusikia maneno yako kutoka kinywani mwako, na mimi nataka hivyohivyo, ingawa sitayasikia.

Mwaringa


Ganze
14 Julai 2024

Kwa mwanangu Gladys,

Natumaini umefika salama. Tangu uondoke mwezi jana nyumba imekuwa kubwa. Jembe ulilolitengenezea mpini limeshika vizuri. Juzi Njoroge alipita, siku hizi hafanyi kazi na lile shirika, akanikuta nikamwonyesha kwa fimbo maji ya mwaka wa tisini na saba yalipofika, na ya sitini na moja, na haya. Akapiga picha, akaweka vigingi vyekundu. Anasema atavipeleka kaunti. Sijui kama watavisoma.

Nakuandikia kwa ajili ya siku ile kwa Garama. Uliposimama mbele ya watu nilikuwa nimeketi nyuma yako, sikusikia hata neno. Niliona nyuso tu. Niliona Priscilla akitoka nje na kurudi. Niliona Garama anakuuliza jambo na wewe unajibu, mara mbili. Kisha nikaona ameletewa kikombe cha maji, nikajua anakuhatsa, anasema maneno ya baraka juu ya maji kama wazee wetu wanavyomrudisha mtu aliyekosa. Baadaye mkewe akakuletea sima na mboga ya mchunga, ukala mbele yao. Hapo moyo wangu uliokuwa umebanwa tangu Novemba ukafunguka. Nilimshukuru Mungu, na usiku nililala.

Nikimuuliza Priscilla kilichosemwa, anasema nikuulize mwenyewe. Basi niandikie. Ulisema nini, na Garama alitamka nini juu ya yale maji? Nataka kuyaweka kwenye Biblia yangu.

Baba yako,
Mwaringa


Utrecht
1 Agosti 2024

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nilifika salama. Nimepokea barua yako leo asubuhi, na najibu leo hii, sitaki kukaa nayo tena.

Nilisema hivi. Kwamba mimi ni Gladys binti Kombe, mnanijua. Kwamba mama yangu mdogo alipima bonde kwa miguu yake akaniuliza kwa nini mdomo ni mwembamba, na nilikuwa na jibu la kweli nikampa la uongo. Kwamba ramani ile ni yangu.

Garama akaniuliza, "Hivyo vijiji vinne vingine, wameambiwa?"

Nikamjibu kwamba viwili kazi imesimamishwa baada ya mimi kupeleka maneno yako na sura ya saba kwa wafadhili wenyewe. Viwili mabwawa yameshajengwa. Hivyo nilikwenda mwenyewe, siku nne kabla ya kuja kwenu, kimoja baada ya kingine, nikawaambia mvua ikizidi siku mbili watoke bondeni wasingoje. Kimoja walinishukuru. Kingine walinifukuza, walidhani nataka kuwanyang'anya maji.

Akaniuliza, "Na ukirudi huko utaendelea na kazi hiyo?"

Nikamwambia hawakunipa mkataba mwingine. Nimepata kazi ya kusahihisha hesabu za ramani za watu wengine, kwenye ofisi ndogo. Sitii sahihi, natia alama tu mahali penye kosa.

Ndipo akaletewa kile kikombe. Alikishika kwa muda mrefu, wewe ulikiona. Watu wote wakamtazama, wakiamini atasema. Akakitazama, akakiweka chini kwenye mkeka, akasema: "Maneno sina leo. Nikiyapata nitamwita."

Hicho ndicho alichotamka, Baba. Hakuna kingine cha kuweka kwenye Biblia.

Ile sima alileta mkewe kwa hiari yake. Aliniinamia akaniambia, "Kula, umetoka mbali." Nikala kwa kuwa nilikuwa na njaa, na kwa kuwa kuikataa kungekuwa kosa jingine. Nilipogeuka nilikuona umekaa pale unatabasamu, mara ya kwanza tangu nifike, na nikajua umeelewa vingine. Njia nzima kurudi nyumbani ulikuwa umenishika mkono. Ningeweza kukuandikia kwenye daftari lako siku ileile. Sikuandika. Na hata leo kalamu ilinitaka nikuachie usingizi wako. Lakini nimekwisha kukudanganya vya kutosha.

Hawajanisamehe. Walinilisha tu.

Simu ya Mzee Garama nimeiandika ukutani karibu na kitanda, na ya mwanawe, ili ikipigwa nisije nikadhani ni ya mtu nisiyemjua. Nimemwambia mwenye ofisi kwamba siku yoyote nikiitwa nitaondoka bila kuaga.

Mpaka leo sijaitwa.

Mwanao,
Gladys Kadzo